Kivuli Kilichopimiwa Suruali

Uwanja wa Mama Ziada ulikuwa hauishi watu. Ukitaka kujua nani kaachika Newala nzima, nani kanunua redio, unakwenda pale, unavuta kigoda karibu na cherehani, unapewa muhogo wa kuchemsha na habari. Jina lake Esha, lakini sote tulimwita Mama Ziada. Mimi ni Mama Kurwa, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwenzetu wa tatu alikuwa Isabela, mama yake Filemoni, Mkristo wa kanisani kila Jumapili na mdomo wake hata padri anaujua.

Mwaka ule biashara ilikuwa imefunguliwa. Korosho zikanunuliwa na watu binafsi, na madukani ukaingia mpira wa kiunoni, mweupe, laini, unakatiwa kwa mita. Sisi tuliokuwa tukipasua tyubu za baiskeli kufungia nguo za watoto tuliushika ule mpira, tukauvuta, tukauachia, tukacheka kama wasichana.

Sasa Hamudi, mume wa binti yake Ziada, alikuwa ametoka hospitali, kapasuliwa ngiri. Alhamisi karudi, na Jumatatu anatakiwa Mkunya, kwenye ghala la mnunuzi mmoja mgeni, akawe karani wa mizani. Mgeni mwenyewe alishasema: asiyefika siku hiyo, nafasi yake anapewa mwingine. Tena aje na suruali, msuli hapana. Na suruali zote za mitumba zina zipu na mkanda, unapita palepale penye nyuzi za daktari. Mafundi wa barazani sokoni wakamcheka Ziada alipoomba ishonwe ya mpira: suruali ya mpira si ya mtoto wa chekechea hiyo?

Mama Ziada akasema, "Nitashona mimi."

Tukamwambia haiwezekani. Kwa sababu kwetu huku mama hakai mbele ya mkwewe. Hamudi anaishi uwanja uleule, nyumba yake iko nyuma ya jiko, na kwa miaka minne mama yule akisikia kikohozi chake hugeuka, hushika njia nyingine. Sura yake anaijua kama mtu anavyoijua sura aliyoiota. Leo ampime kiuno!

Ikabidi Ziada apewe uzi akampime mumewe ndani. Karudi na uzi una mafundo: hapa kiuno, hapa nyonga, hapa urefu wa mguu. Mama yake akauhesabu, akauliza, "Na katikati?"

"Katikati gani, mama?"

"Kutoka mbele kwenda nyuma, kupita chini."

Ziada akatazama kuku. Mtoto wa kike atamwambia nini mama yake juu ya hapo? Na mama naye, baada ya kuuliza, akaona haya kuliko yeye. Akakisia. Akakata kwa kipimo cha marehemu mumewe, aliyekuwa mwembamba kama ufito.

Jumamosi suruali ikaingia ndani kujaribiwa. Tukangoja. Ziada akatoka na uso umekunjamana.

"Akisimama iko sawa. Akikaa inambana."

"Inambana wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Mama, hapo!"

"Mama Ziada," akasema Isabela, "mtoto kakwambia hapo. Unataka akuchoree?"

Tulicheka mpaka cherehani ikatikisika, ila Mama Ziada hakucheka. Karani wa mizani anakaa kutwa. Mtu asiyeweza kukaa, aende Mkunya kufanya nini? Akaifumua suruali, akairudishia, akaipeleka tena. Sasa nyuma ikawa inashuka, mbele inakata vilevile. Isabela akajitolea kwenda kutazama, yeye si mkwe wa mtu pale. Akarudi akasema, "Ina matatizo." Ndiyo msaada wake wote.

Ikafika Jumapili alasiri. Mama Ziada alikuwa ametundika marekani nyeupe kambani, kati ya nguzo ya jiko na mkorosho, kitambaa kipana cha kukatia mifuko. Jua limeshuka usawa wa mikorosho, mwanga umekuwa kama asali, upepo hakuna. Hamudi akapita upande wa pili, anatembea polepole, na kivuli chake kikapita juu ya kitambaa.

Mama Ziada akafunika macho kwa mazoea. Halafu vidole vikaachana.

"Jamani," akasema taratibu, kama anaongea usingizini, "kivuli nacho ni mkwe?"

Tukatazamana. Swali hilo hakuna aliyewahi kulisikia.

"Kivuli hakina macho ya kukuonea haya," nikasema.

"Wala hakijatoa mahari," akasema Isabela.

Kigoda kikapelekwa upande wa pili. Hamudi akakaa ubavu, na suruali ikakaa naye. Tukaiona sote: mtu mzima wa bluu hafifu, amekaa ndani ya kitambaa kama aliyekaa ndani ya maji.

"Shikamooni," kikasema kivuli.

"Marahaba," tukaitika, na marahaba ya Mama Ziada ikapita katikati ya zetu, ndogo, ya kwanza tangu ndoa.

"Mwambieni asogee karibu na kitambaa."

"Mwambieni mama nimesogea."

"Mwambieni asipumue sana."

Wako hatua moja, na maneno yanazunguka kwetu. Mama Ziada akachukua chaki. Akafuata mgongo, akashuka, akafika mahali suruali inapoachana na kiuno, akatia alama. Akafuata paja mpaka goti. Mahali pale palipokosa jina akapaona wazi: kitambaa kimevutika kama ngozi ya ngoma. Jua likawa linazama, alama zikaanza kuachwa na kivuli, lakini alikuwa amekwisha. Akaweka futikamba juu ya chaki, akasoma. Akaongeza kipande cha pembe nne katikati ya miguu, akapandisha nyuma vidole vitatu, akapitisha mpira upya, legevu. Magharibi suruali ikaingia ndani. Ziada hakutoka kusema kitu. Tukasikia kigoda kinaguna, kimya, kinaguna tena.

Jumatatu ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma, ukafunika uwanja. Hamudi akaondoka ndani yake. Mama Ziada alikuwa keshajificha jikoni, kama kawaida.

Jumatano nilipeleka korosho zangu Mkunya. Nikamkuta mezani, anaandika. Nikarudi mbio na habari.

"Yupo?" akaniuliza Mama Ziada.

"Yupo. Mgeni kamchukua. Kakaa tangu asubuhi."

"Mkono haushiki kiunoni?"

"Umeshika kalamu."

"Na alipoinuka, nyuma haikushuka?"

"Haikushuka."

Akavuta kigoda, akanikatia muhogo, akasema, "Anza mwanzo. Alipokuwa anakaa, alikaaje?"