Bao la Mwatima

Walikuwa wameshaiacha Jeddah, gari linaipanda milima ya Taif, ndipo Usama alipopiga simu.

"Arwa, mrudishe babu yako. Jumatatu ana daktari wa macho!"

"Jumatatu mbali, baba. Tutalala Riyadh kwa shangazi Wafaa, kisha turudi."

Mzee Idi alicheka kimya kimya. Jicho la kushoto lilishakwenda, na la kulia daktari hakuahidi kitu. Kabla halijazima alitaka kuliona bao la marehemu mkewe, Mwatima, na kulishika kwa mkono. Basi.

Mwaka themanini na mbili alikuwa dereva wa lori, Jeddah kwenda Riyadh, na mara nyingine akimpakia mkewe, maana Mwatima alichoka kutazama kuta za nyumba yao, mtaa wa Baghdadiyah, Jeddah. Safari moja rejeta ikapasuka, wakakaa siku mbili chini ya jabali lililojaa ngamia na mbuni waliochongwa na watu wa kale. Mwatima akachukua patasi na nyundo ya gari, akachonga bao kwenye bamba la jiwe: mashimo thelathini na mawili, mawili kati yake ya mraba, ndizo nyumba. Wakacheza kwa changarawe. Akamfunga mumewe mara sita, na kila mara akimwambia, "Nenda kazibe rejeta yako, mchezo huu huuwezi."

Sasa jabali limezungushiwa uzio. Mlinzi, Ziyad, mtu wa makamo, akawaonyesha kwa mbali.

"Mashimo yale ya zamani mno. Wataalamu hawajui ya nini."

"Na pale palipokwanguliwa?" Arwa aliuliza.

"Majina ya madereva wa malori. Tumeyasugua, halas, yamekwisha. Ya watu wa juzi hatuyaachi."

Arwa akafungua mdomo. Babu yake akamfinya mkono. Akisema ni la mkewe, litasuguliwa. Asiposema, hatoligusa.

Akaketi mchangani nje ya uzio, akaanza kufukua vishimo kwa kidole.

"Kaa hapa, mke mdogo, nikufunge."

Wakacheza kwa vijiwe.

"Babu, unaniibia!"

"Bibi yako hakuwa akilalamika. Akinifunga tu."

Ziyad akaja na chai. Akatazama mchanga: safu nne, vishimo viwili vya mraba. Akatazama jabali. Akahesabu kwa kidole, akarudi kuutazama mchanga. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kufuli, jipya linang'aa.

"Kufuli hili bovu," akasema. "Mimi nakwenda kuswali laasiri. Nikirudi nisimkute mtu ndani."

Jiwe lilikuwa la moto. Idi akapapasa mpaka akaipata nyumba ya kushoto, ile yenye pembe iliyomeguka patasi ilipoteleza na Mwatima akatukana. Akatia kidole gumba pale penye pengo, akakaa nacho.

Jicho la kulia lilizima mwezi wa Shaabani. Usama alinuna wiki moja kwa safari ile. Arwa alipata kazi Riyadh, anakaa kwa Wafaa. Ziyad alihamishiwa Hail. Kibao cha uzioni bado kinasema mashimo hayo hayajulikani ni ya nini. Idi yuko Baghdadiyah, anacheza bao kwa kupapasa, na anafungwa.