Wino Uliobaki Chini ya Biki

Mwishoni mwa mwaka 1996, Honorata alivuka ziwa kutoka Kongo katika mtumbwi uliojaa watu, akiwa na daftari la ubatizo la parokia yao kifuani. Padre ndiye aliyemkabidhi siku ya kukimbia. Daftari lililowa njiani. Alipofika Kigoma alinitafuta nyumbani, mtaa wa Katubuka, kwa kuwa nilikuwa katekista na mwalimu mstaafu, akaniomba nilitunze.

Nililikausha kivulini, ukurasa baada ya ukurasa. Maji yalikuwa yameosha wino wa chupa hata maandishi yakabaki kama vumbi. Mapadre walionilea hawakuvumilia ukurasa usiosomeka, nami sikuvumilia. Nikachukua kalamu ya biki, nikafuatisha kila herufi kwa mwandiko wangu wa darasani. Kwaresima nzima niliifanya kazi hiyo, nikajiona mtu wa maana.

Mwaka uliofuata Honorata alipata habari kwamba Stephania, mtoto wa marehemu dada yake, yu hai katika kituo cha watoto kwenye kambi ya wakimbizi. Mwisho wa mwezi, watoto wasio na ndugu wangehamishiwa mbali. Afisa wa usajili alitaka uthibitisho wa maandishi, nasi tulikuwa nao: Honorata ndiye aliyemsimamia mtoto ubatizo, na daftari lilimtaja msimamizi kuwa dada wa mama. Nikaenda naye.

Afisa aliusogeza ukurasa dirishani.

"Mzee, wino huu ni wa juzi. Tena msimamizi hapa ni Honorina, na mama huyu ni Honorata. Kitabu kimetengenezwa."

Hakunidhulumu. Mahali pale palikuwa pamefifia mno, nami nilikuwa nimekisia.

Tulipotoka nje, Honorata alinigeukia. "Mwalimu, umenibatiza upya, na maji yenyewe sikuyaona! Huyo Honorina ni nani? Basi aende yeye kumchukua mtoto." Alicheka, kisha akaketi ukingoni mwa barabara, akajifunika uso kwa kitenge.

Juma lile mtaalamu wa nyaraka za kale, Bi Shadia, alikuwa amefika Ujiji kupima hati za Kiarabu zinazotunzwa na familia za mtaa wa Kasingirima. Nilimwendea pamoja na Honorata, nikiwa na daftari, nikamweleza kosa langu bila kulipamba.

"Mzee, kwa nini hukuliacha lilivyokuwa?"

"Kwa kiburi, mwanangu."

Aliuweka ukurasa chini ya hadubini, akaniita nichungulie. Biki ililala juu ya karatasi kama utomvu. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia ulioingia ndani ya nyuzi za karatasi.

"Wino wa zamani ulikuwa na chuma," alisema. "Maji huondoa rangi, chuma hung'ang'ania. Biki haina chuma."

Kisha akawasha kamera iliyounganishwa na kioo kidogo kama cha televisheni, inayoona mwanga ambao macho yetu hayauoni. Alizungusha kitufe polepole. Mwandiko wangu mzuri ulianza kukonda, ukatoweka, na mwandiko wa padre ukabaki peke yake, hafifu lakini mnyoofu: *Honorata, dada wa mama.*

"Haya, Mwalimu, soma kwa sauti," Honorata alisema nyuma yangu. "Soma vizuri safari hii."

Nilisoma. Nilipofika mwisho wa jina, yaliyobaki aliyasoma yeye.

Bi Shadia alipiga picha, akaandika maelezo yake. Kwa ombi lake nami niliandika kwa penseli, nikisema ni nani aliyefuatisha herufi, lini, na kwa kalamu gani. Sijawahi kutia sahihi maneno yaliyonifaa zaidi. Afisa aliyapokea yote, akayasoma mara mbili, akagonga mhuri.

Nimepewa mengi maishani na watu walionizidi elimu. Kwa hili la Bi Shadia na vyombo vyake, namshukuru Mungu kila ninapokumbuka.

Alhamisi Honorata aliingia uani kwangu akimshika mkono msichana mwembamba wa miaka saba, mwenye gauni lililomzidi kimo.

"Msalimie babu. Huyu ndiye aliyetuchelewesha mimi na wewe."

Mtoto alinikagua kwanza, kama hakimu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Stephania," nilijibu, nikihakikisha kila herufi.