Herufi ya Pili

Bango lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili katikati ya karakana. Neno la Kiingereza ACCOMMODATION, yaani malazi, lilikuwa limekamilika, jekundu, rangi bado mbichi. Fundi alikuwa anaosha brashi zake kwa mafuta ya taa wakati mwenye gesti, mteja wake, alipoingia na karatasi mkononi, uso ameukunja.

"Mimi niliandika m moja. Hizi mbili umezitoa wapi?"

"Ziko mbili, mzee wangu. Na c nazo mbili. Ni kama vyumba vyako, zinalala mbilimbili."

"Hiyo ya pili inafanya kazi gani? Haisikiki!"

"Hata wewe ukilala husikiki, lakini upo."

Shemeji yake fundi, aliyekuwa mlangoni, aliangua kicheko, kisha akakimeza. Tangu mume wa fundi afariki, huyu mdogo wa marehemu ndiye aliyejitwalia funguo za karakana, ingawa hajawahi kuchora hata mstari mmoja ukanyooka. Alimvuta fundi pembeni.

"Shemeji, mteja ni mteja. Futa m moja. Usipofuta, kuanzia kesho wewe utakoroga rangi tu. Wa kuandika nitatafuta mwanamume."

Fundi alimkazia macho. Miaka kumi na minane juu ya ngazi, jua la utosini, mji mzima unasoma mwandiko wake, leo atishiwe kukoroga rangi na mtu asiyejua hata brashi inashikwaje!

"Sifuti," alisema, wakasikia mpaka wa nje. "Ningekosea ningefuta mbele ya watu wote. Sijakosea."

"Basi nafuta mwenyewe."

Shemeji akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaipangusa m moja. Likabaki pengo la kupitisha ngumi. Mwenye gesti akalikodolea macho.

"Mbona sasa yamekuwa maneno mawili?"

Fundi yeyote wa mabango angemwambia. Neno hupimwa zima kwa chaki kabla ya rangi. Ukiondoa herufi moja, unafuta zote na kupima upya. Shemeji hakulijua hilo. Akamgeukia fundi kwa sauti ya upole wa ghafla.

"Shemeji yangu, hebu zisogeze kidogo."

"Mwambie huyo mwanamume wako."

Alifunga brashi zake, akabeba ngazi begani, akavuka barabara hadi duka la dawa. Bango la pale lilikuwa limepauka halisomeki.

"Dada, hili nakuandikia mimi," alimwambia muuza dawa. "Ila ujue mapema, nikishaandika, hafuti mtu."