Ngoja Kiangazi, Dada

Kaka yangu Muzamiru anayajua majira kuliko mvua yenyewe. Mkalishe mezani, mpe chai na mandazi mawili, muulize mgeni aje lini kutembea Afrika Mashariki, halafu uone atakavyotanua kifua. "Juni mpaka Septemba. Ukikosa hapo, Desemba mpaka Februari. Nyasi ni fupi, wanyama wanaonekana, barabara ni kavu. Machi, Aprili na Mei, kaa kwenu." Wazungu wanaandika. Nimemsikia akiyasema hayo humu humu kwenye hoteli yangu, nyuma ya msikiti, Jinja, mara nyingi hata naweza kuyasema nikiwa usingizini. Kila akiitaja Aprili mkono wangu hutetemeka na chai humwagika kwenye kisahani. Wageni hudhani ni uzee.

Si uzee, ni hasira, na ina umri wake.

Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipovuka mpaka wa Tanzania na kuanza kupanda kuja kwetu, kila mwenye akili hapa mjini alikuwa anafunga mizigo. Mume wangu Marjan alikuwa fundi cherehani, Mnubi aliyezaliwa hapa hapa Jinja. Hakuwahi kushika bunduki. Alichofanya ni kuwapunguzia suruali walioshika bunduki, kama alivyompunguzia yeyote aliyeleta suruali. Lakini Wanubi walikuwa wengi jeshini, na tulijua kwamba serikali ya wanajeshi ikianguka, hakuna atakayeuliza nani alishika bunduki na nani alishika sindano. Marjan alitaka tuondoke mapema, twende Kisumu kwa shangazi yake.

Mwenye gari alikuwa Muzamiru. Zamani, kabla nchi haijaharibika, aliwaendesha watalii mbugani, na kila alichokijua kuhusu barabara alikiokota huko. Alimcheka Marjan mbele ya watoto. "Shemeji, jeshi gani linasafiri masika? Malori yatazama mpaka milangoni. Watangoja jua huko huko mpaka Juni. Ngojeni kiangazi, tutaondoka kwa raha zetu."

Alisahau jambo ambalo hata mbuzi wa Jinja wanalijua. Barabara ya kutoka Kampala ni ya lami. Waliikanyaga Aprili hiyo hiyo, mvua inawanyeshea, na hakuna lori lililozama.

Siku walipokaribia hatukuwa tena na muda wa kuchagua. Mimi na watoto tulikimbilia Buwenge, kwa mama mmoja aitwaye Namukose aliyetuficha katika ghala la mahindi, Mungu amlipe. Marjan alilala nyuma ya gari la kaka yangu, chini ya magunia, wakaelekea Mbale ili wavuke kuingia Kenya kutoka huko. Walipokuwa wanaingia Mbale, vijana wa mtaani walikuwa wameweka magogo barabarani. Wakafunua magunia. Muzamiru alipofaulu kuwasihi wamwachie, Marjan alikuwa hawezi tena kusimama. Akampandisha mlimani, Wanale, kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa rafiki yake. Mume wangu alifia huko, wakamzika huko.

Haya yote niliambiwa na Muzamiru mlangoni, analia makamasi, nami ndiye niliyemshika mabega na kumbembeleza. Mjane ambembeleze shemeji wa marehemu! Ukiniuliza leo kwa nini, sijui.

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja. Nilitaka nisimame kwenye kaburi la Marjan, nimsomee Yasini, na nipande mrehani upande wa kichwa kama tunavyofanya kwetu. Sikuomba mnara. Nilikaa eda bila kuuona mwili na bila kuliona kaburi, na moyoni eda hiyo haijaisha mpaka leo. Hata sokoni, nikiona shingo ya mtu aliyebeba kitambaa, hugeuka kuangalia kama ni yeye.

Miaka ya kwanza sikumlaumu mtu. Barabara ilijaa vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na afande wake mlevi anayekuuliza unatoka wapi kwa Kiswahili cha kukutisha. Halafu zikaja vurugu za Teso, watu wakawa hawasogei upande ule. Halafu amani ikarudi, mabasi yakarudi, na wageni nao wakarudi. Muzamiru akapata kazi na kampuni moja ya watalii ya Nairobi, akapewa gari kubwa lenye madirisha mapana, akaanza tena kutanua kifua. Nikasema, sasa basi.

Ikifika Juni namwambia, "Kaka, nipeleke." Ananijibu, "Dada, huu ndio wakati wenyewe wa wageni, gari halina kiti hata kimoja." Nangoja. Wageni wanaondoka, mvua inaanza, namwambia tena. "Wanale wakati huu? Utelezi mtupu! Unataka nikuue na wewe? Ngoja kiangazi, dada." Mwaka ukaja, na mwingine, na mwingine. Nusu ya mwaka ilikuwa ya Wazungu na nusu ilikuwa ya matope, mimi sikuachiwa hata mwezi mmoja.

Mtu atasema, si ungepanda basi? Ningepanda, nishuke Mbale, halafu? Wanale ni mlima mzima, watu wamejaa mpaka juu, na yule mkulima wa kahawa hajawahi kutajwa kwa jina mbele yangu. Ni "rafiki yangu mmoja" tu. Sisi makaburi yetu hatuyajengei saruji. Ni udongo, na jiwe kichwani na jiwe miguuni. Ningemuuliza nani anionyeshe mawe mawili kwenye mlima uliojaa mawe?

Mwaka huu wa tisini na tano, Aprili, akaingia hotelini kwangu Omollo, dereva wa ile ile kampuni ya Nairobi, Mjaluo mpole anayekula ugali wa watu wawili. Huwa anakuja na Muzamiru, lakini siku hiyo Muzamiru alikuwa Kampala. Akasema anapita Mbale kuchukua mahema ya kambi yaliyoachwa mlimani, yameanza kuota ukungu, arudi nayo Nairobi yakashonwe.

"Mlima gani?" nikamuuliza.

"Si Wanale, Mama. Pale tunawalaza wageni."

"Na utelezi?"

Akacheka, mdomo umejaa. "Utelezi gani? Kuna matope kidogo kwa kona ya juu. Unaweka gia ya kwanza, unapanda. Mwaka jana nilipanda mwezi wa tano, na mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Mzee Wamboga akatupikia malewa, ile mianzi michanga yao."

"Wamboga ni nani?"

"Mwenye shamba. Si ni rafiki ya Muzamiru tangu wakati wa vita?"

Sikumweleza Omollo jambo lolote, maana hata mimi nilikuwa sijajua ni jambo gani hasa. Nilisema tu kwamba nina mtu wangu amezikwa huko na ningependa lifti. Nikang'oa mche wa mrehani uani, nikautia kwenye kopo la mafuta ya kupikia pamoja na udongo wake, nikafunga hoteli.

Mvua ilitukuta kabla ya Mbale, ikatusindikiza. Tulipokuwa tunaingia mjini nilitazama nje nikijaribu kujua magogo yale yaliwekwa wapi. Niliona watu wanashusha katoni za sabuni mbele ya maduka ya jumla. Tukaanza kupanda. Kwenye kona ya juu Omollo aliweka gia ya kwanza, gari likanguruma kidogo, tukapita. Ndiyo yale matope yaliyonizuia miaka yote.

Juu palikuwa na uwanja uliochongwa kwenye mteremko, mahema manne, na mji wa Mbale wote chini, pamoja na paa za misikiti. Lazima niseme ukweli, ni mahali pazuri. Omollo alisimamisha gari katikati ya uwanja, akaruka chini, akachukua mawe mawili marefu yaliyokuwa pembeni, akayasukumiza nyuma ya magurudumu ili gari lisirudi nyuma. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango wa kwake.

Mzee Wamboga alitoka kwenye migomba, amevaa buti za mpira, na mkewe Nabifo nyuma yake. Tukasalimiana.

"Mimi ni Nulu," nikasema. "Mke wa Marjan. Yule aliyefia hapa kwako wakati wa vita."

Wamboga alimtazama mkewe, halafu akanitazama mimi, halafu akatazama buti zake.

"Bibi ya yule muntu?" akasema. "Lakini Muzamiru alisema yule hana muntu. Alisema watu yake yote walienda Sudani, walipotea huko."

"Alisema lini?"

"Wakati ya kutengeneza hapa. Mimi niliuliza yeye, bwana, na hii kaburi tufanye namna gani? Yeye akasema, hapana tena mwenyewe. Piga sawa, weka gari."

Nilimsikia vizuri, lakini nilimwomba aseme tena, akasema tena, kwa sauti ya chini. Sikuwa Sudani. Nilikuwa Jinja, nampikia kaka yangu chai.

"Kaburi liko wapi?" nikauliza.

Nabifo alinyoosha kidole chini ya gari.

"Na mawe? Yalikuwepo mawe."

Mama yule aliinua kidevu tu, kuelekea magurudumu ya nyuma.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope, na gauni langu la safari. Nilitukana. Mimi mwanamke wa msikitini, mjane wa miaka yote hii, nilimtukana ndugu yangu wa tumbo moja matusi ambayo sikujua kama nayajua, na ningekuwa naye mbele yangu ningempiga na lile kopo. Omollo alivua kofia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi asichokiiba.

"Mama, sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Yeye ndiye alinionyesha siku ya kwanza. Aliniambia, hapa kuna mteremko, tumia haya mawe, ni mazuri, hayavunjiki."

"Liondoe gari, mwanangu," nikamwambia.

Akaliondoa polepole, akalipeleka nyasini. Ardhi iliyobaki ilikuwa ngumu, imekanyagwa na miaka ya matairi, na doa jeusi la mafuta katikati. Nilimuuliza Nabifo kichwa kilikuwa upande gani. Alijua, maana ndiye aliyechota maji ya kumwoshea maiti. "Kichwa ilikuwa hapa, karibu na mugomba. Tulikata ule mugomba. Yeye aliita jina yako usiku mzima, mama. Nulu, Nulu. Mimi nilifikiri ni maneno ya dini yenu."

Wamboga alileta jembe. Tulizika mawe yale kwa kina kirefu, moja kichwani na moja miguuni, nusu nzima chini ya ardhi, nikayatikisa kwa mikono yote miwili mpaka nikaridhika kwamba mtu mmoja hawezi kuyang'oa. Nikapanda mrehani wangu upande wa kichwa, ukingoni mwa doa la mafuta, ingawa sijui kama utashika. Nilisoma Yasini mvua ikininyeshea, Nabifo amenishikia jani la mgomba juu ya kichwa. Nilikuwa nimejiwekea maneno mengi ya kumwambia Marjan, lakini nilipomaliza kusoma nilimwomba radhi tu kwa ajili ya lile gari.

"Mama, sisi tulidanganywa," Wamboga alisema nilipoinuka.

"Najua, mzee. Tulidanganywa wote."

Omollo alinishusha Mbale kituo cha basi. Nilifika Jinja matope yamenikaukia mwilini, nikamkuta Muzamiru kwenye benchi mbele ya hoteli yangu, amerudi kutoka Kampala, anashangaa kwa nini pamefungwa. Nilifungua, nikawasha jiko, nikamwekea chai. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Alitazama gauni langu, akatazama kucha zangu.

"Umetoka wapi, dada?"

"Wanale."

Kijiko chake kilisimama ndani ya kikombe. "Na nani? Aprili hii? Barabara je?"

"Barabara nzuri," nikasema. "Nimeyarudisha mawe mahali pake."

Alijua ni mawe gani. Nilisimama mbele yake nikangoja. Nilingoja alitaje jina la Marjan. Nilingoja aseme aliona haya, au aliogopa, au shetani alimpitia. Hata uongo ningeupokea siku hiyo, kama ungekuwa uongo wa mtu anayenihurumia. Alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini, akakuna kidevu kama anavyofanya wageni wakimuuliza swali gumu.

"Nulu," akasema, "wageni wanaanza Juni. Pale pana mteremko mkali. Gari litashuka."

"Lishuke," nikamwambia.

Nikaiondoa chai mbele yake, nikaenda kuimwaga nje.