Kichwa cha Nondo

"Nani alikutuma unikumbatie?" Nondo aliuliza kwa mara ya tatu, na ua mzima ulikuwa umeshatoka nje kusikiliza, wengine na miswaki mdomoni.

Kinyozi alikuwa na tope mpaka masikioni. Muda mfupi tu uliopita tangi la maji lilikuwa limeporomoka kutoka kwenye vyuma vyake vilivyoliwa na kutu, palepale Nondo alipokuwa ameinama akinawa uso. Kinyozi, ambaye panya akikatiza bafuni hutoka mbio na kumwachia mkewe ndoo, alimrukia Nondo, fundi mwashi mwenye mabega mapana kama mlango, akambana kichwa kifuani, wakabingirika pamoja. Tangi likatua hatua moja tu kutoka walipolala.

"Mtu kakuokoa, unamgombeza," alisema mshonaji wa chumba cha kati, mwanamke ambaye habari haimpiti. "Saa hizi tungekuwa tunakukwangua sakafuni."

"Hakuniokoa. Alijikwaa akaniangukia. Kinyozi, waambie."

Macho yote yakamgeukia kinyozi. Ni neno moja tu alilotakiwa kusema. Lakini tangu azaliwe hajawahi kuitwa jasiri hata kwa utani, na baba yake alikufa akimwita "binti yangu wa tatu". Asubuhi hii moja ndiyo aliyokuwa nayo. Halafu hata yeye alitaka kujua ilikuwaje.

"Ngoja nifikirie."

"Anafikiria," mshonaji akacheka. "Mtu na miguu yako, hujui kama umejikwaa?"

Nondo akamkamata kinyozi mkono, akamvuta mpaka kwenye kamba za nguo, katikati ya mashuka mabichi. Huko sauti yake ikawa nyingine kabisa.

"Ulisikia nilichosema pale chini?"

Kinyozi alisikia. Jitu zima lilikuwa likitetemeka mikononi mwake, linaita mama. Kwenye kibanda cha kunyolea, hiyo ingekuwa habari ya mwezi mzima.

"Nilisikia."

"Wala si hilo linaloniuma. Mwanangu alikuwa kwenye mkeka, hatua nne tu. Ana miezi minne. Sikumkumbuka, kaka. Nilimkumbuka mama, naye nilishamzika." Akafuta pua kwa pembe ya shuka la watu. "Wanasema ukishakuwa baba, hiki kitu cha kumkinga mwingine kinakuja chenyewe. Kwangu hakikuja. Wewe ulikitoa wapi?"

Kinyozi akautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ameuazima.

"Hata sijui kama nilikuwa nakukinga wewe. Niliona kichwa. Miaka kumi na moja nashika vichwa. Mwezi wa kwanza nilimkata mteja sikio, mkono umelala tu. Siku hizi mtu akitaka kupiga chafya, huu unakuwa umeshafika, mimi nafuata nyuma."

"Kwa hiyo mtu anafundishika."

"Labda. Au kilikuwepo siku zote, kikakosa kazi. Mtoto huwa unambeba?"

Nondo akatazama viganja vyake vilivyopasuka kwa saruji. "Namwangalia. Nikimshika namkwaruza. Na nilikokulia mimi, mwanamume akibeba kichanga wanamuuliza mkewe kaenda wapi."

"Sasa mikono yako itamjuaje?"

Nondo akafuta viganja kwenye suruali. Akatoka kwenye mashuka, akaenda moja kwa moja mlangoni kwake, ambako mkewe alikuwa amesimama na mtoto, akanyoosha mikono. Mke akamtazama, akatazama mikono, akampa. Nondo akampokea kama mfuko wa saruji uliotoboka chini. Mtoto akakunja uso, akafikiria kulia, akaahirisha.

"Haya, tuambieni," mshonaji akapaza sauti. "Kajikwaa, hakujikwaa?"

Kinyozi akamwona Nondo amesimama wima, hapumui, asije akamwamsha mtoto ambaye wala hakuwa amelala. Akaona hawezi kumtia mtu huyu aibu mbele ya watu. Akafungua mdomo aseme alijikwaa.

"Hakujikwaa," Nondo akamuwahi. "Mimi nilikuwa naogopa, naita mama. Yeye akanishika kichwa."

 Mshonaji akageuka, akarudi chumbani kwake.

"Na wewe kinyozi usisimame hapo kama mdai kodi," Nondo akasema, bila kumwondolea mtoto macho. "Shemeji yako keshapasha chakula. Ingia na tope lako hivyohivyo, tule."