Zimewaka?

Kazi ya kusimama nyuma ya gari na kutazama taa ni kazi ya wake. Hakuna aliyeniandikia, lakini tangu niolewe sijaona mume amesimama nyuma huku mke amekaa ndani anakanyaga breki. Wiki ile niliacha gauni la watu likiwa na mkono mmoja, nikasimama kati ya ukuta na buti la gari, tepu ya kupimia ikiningʼinia shingoni, nikimjibu mtu ambaye nilikuwa naona soli za viatu vyake tu.

"Zimewaka?" ananiuliza kutoka chini ya dashibodi.

Nasema zimewaka. Ananiuliza zote mbili? Nasema zote. Anaachia, ananiuliza kama zimezima. Zimezima. Halafu tunaanza upya, kana kwamba mimi ni mtuhumiwa na anangoja nijikanyage katika maelezo.

Na huo ndio ulikuwa msiba wenyewe. Uani gari lilikuwa zima, halina hata mafua. Lilikuwa linaugua barabarani tu.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Watu wanamwita Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo analowaimbia wanafunzi mpaka wanaliota. Nusu ya madereva wa mji huu wamepitia kwenye kigari chake chenye kibao cha L juu ya paa. Kigari hicho kina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, zimeungwa kwa chuma kimoja, hivyo yeyote kati yao akikanyaga, gari linatii na taa za nyuma zinawaka.

Wa kwanza kuleta maneno alikuwa muuza duka wa ng'ambo ya barabara. Alimwita mume wangu pembeni, kwa adabu zote, akamwambia, mwalimu, gari lako linakonyeza watu. Mume wangu akacheka. Siku ya pili akaambiwa na mwenye baiskeli, ya tatu na dereva wa lori aliyefungua dirisha na kumwambia maneno ambayo sitayarudia. Wote walisema jambo lile lile, kwamba barabara ni nyeupe, mbele hakuna kuku wala mtu, na taa za breki zinawaka, zinazima, zinawaka tena. Aliyeko nyuma hajui asimame au apite.

Siku za kawaida tungecheka wote. Lakini Ijumaa ile binti yetu kitindamimba alikuwa na mtihani wa leseni, na kwetu mtihani unafanywa kwa gari ulilojifunzia, na mtahini anaanza na taa. Taa zikileta maringo, gari linarudishwa nyumbani pamoja na mwenye nalo. Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa amempa binti kazi ya kusambaza mikate madukani, akamwambia bila kuzunguka kwamba Jumamosi aje na leseni, la sivyo usukani atapewa mwingine. Na binti alikuwa ameshaanguka mtihani huo mara mbili. Si kwamba ni mzito, hasha. Kilima anapanda, kuegesha anaegesha vizuri kuliko mimi. Anaangushwa pale pale kila mara, kwenye makutano ya mwisho kabla ya kurudi, penye kibao cha simama. Mara zote mbili mtahini alisema amekichelewa kibao, na mara zote mbili baba yake alirudi nyumbani amevimba, anasema mtoto anaonewa, kwani yeye amempitisha kwenye makutano ya kila aina na hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Nikamwambia lipeleke kwa fundi wa pale kwenye kona. Hee, kama nimemtukana. Fundi yule alikuwa mwanafunzi wake, na mume wangu aliwahi kumgombeza mbele za watu kwa kutembea na taa ya nyuma imekufa. Angemwambia nini sasa? Kinyozi hajinyoi, nikasema. Akanijibu kwamba yeye atajinyoa, na wembe anao.

Akanieleza ugonjwa, maana hawezi kufanya kitu bila kufundisha. Juu kabisa ya pedali, mahali ambapo mtu mzima anafika kwa kuteseka tu, kuna swichi ndogo yenye kichwa kinachochomoza. Pedali ikiwa imetulia inakikandamiza kichwa, taa zimezima. Ukikanyaga, pedali inaondoka, kichwa kinatoka, taa zinawaka. Swichi ikichoka, akasema, inaropoka ovyo. Nikamwambia nimeelewa, nawajua watu wa namna hiyo.

Akalala chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango, bisibisi ya cherehani yangu mdomoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvunja kishikizo cha plastiki kilichokuwa kimeishikilia swichi. Mimi nikahesabu mawingu, maana ndoa ina mahali pa kusema na mahali pa kutazama angani. Akaenda kununua swichi mpya. Akaifunga karibu mno na pedali, basi ukikanyaga haziwaki. Akaisogeza mbali mno, basi haziwezi kuzima, zikakesha zinawaka na asubuhi betri imekufa. Alipoipata sawasawa tukatoka barabarani kujaribu. Binti kwenye usukani, baba yake pembeni yake, mimi langoni na kazi yangu ya kutazama.

Barabara yetu ni ndefu na imenyooka. Hawajafika hata duka la pili, taa zikawaka. Zikazima. Zikawaka.

Akabadilisha swichi mara ya pili. Akabadilisha fyuzi, akabadilisha balbu, akakwangua waya mpaka ukang'aa kama pete. Uani, raha mustarehe. Barabarani, konyeza konyeza. Muuza duka akaleta kiti nje ili atazame akiwa amekaa.

Alhamisi alasiri subira ikamwisha, na mtu subira ikimwisha hutafuta wa kumtwika. Akasema huenda tatizo ni macho yangu, yameharibiwa na tundu za sindano. Atasimama langoni mwenyewe, mimi niingie garini nikae mahali pake. Leseni ninayo. Alinifundisha yeye kabla hajanichumbia, na mpaka leo sijui kilichomvutia ni kufaulu kwangu au kufeli.

Tukaondoka mimi na mwanangu. Alikuwa anaendesha vizuri, mikono imetulia, vioo anatazama, mpaka nikajisikia fahari. Tukakaribia mwisho wa barabara yetu, pale inapoingia barabara kuu. Nikaliona lori linakuja kutoka kulia. Yeye pia alikuwa analiona, uso wake umetulia tuli, na gari linakwenda tu. Nikangoja. Gari linakwenda. Nikapiga kelele iliyotoka tumboni, mguu wangu ukaitafuta ile pedali ya mwalimu ukaikanyaga mpaka chini, na gari likasimama pua ikiwa barabara kuu. Lori likapita na upepo wake.

Binti akanigeukia, hana hofu, ana mshangao tu.

"Mama, mbona leo halikupungua mwendo? Siku zote hapa huwa linapungua lenyewe."

Mimi ni mshonaji, mguu wangu umeishi juu ya pedali. Kuna siku nimekaa kanisani nikashtuka jirani ananishika goti, kumbe nashona. Mguu uliozoea hauombi ruhusa kwa mwenye nao. Nikaujua ugonjwa wa gari letu, nikajua na kwa nini mwanangu alianguka mara mbili. Kwenye mtihani kiti cha mwalimu anakaa mtahini, na mtahini miguu yake imetulia, kwa sababu aliyeko kwenye usukani si mtoto wake.

Tuliporudi, mume wangu alikuwa katikati ya barabara amenyoosha mikono juu. Nimeipata, anasema, nimeipata. Hazikukonyeza hata kidogo, zimewaka mara moja tu kule mwisho, tena kwa nguvu. Akamwita muuza duka awe shahidi, na muuza duka akashuhudia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto. Nami, Mungu anajua, nilitamani nimwachie furaha yake mpaka kesho kutwa. Lakini mtihani ulikuwa kesho, na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

"Baba watoto," nikamwambia, "swichi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kinachowasha taa ni mguu wako."

Kwanza akacheka. Kisha akakasirika, akanikumbusha ni watu wangapi amewafundisha, na kama mimi nimefundisha hata mbuzi. Sikubishana. Nikafungua mlango wa upande wake, nikamwomba ainame atazame pedali yake. Mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana, kinang'aa kama kisigino kilichosuguliwa. Halafu nikamwomba atazame ile ya mwanafunzi. Ile ilikuwa na mistari yake yote, kama imetoka dukani. Wiki nzima alikuwa amelala na uso wake kati ya hizo mbili. Nyani haoni kundule.

Aliinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi nikawa nawaza madereva wote wa mji waliopita mkononi mwake, fundi, muuza duka, dereva wa gari la wagonjwa, nikaapa kwamba kuanzia siku ile nitavuka barabara kwa kutazama kulia, kushoto, na juu.

Binti alikuwa bado ameshika usukani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo, baba, mimi sijui kushika breki?"

"Unajua," baba yake akasema. Akasimama, akajipangusa magoti. "Ni mimi niliyeogopa. Sikukupa nafasi."

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi, na sijawahi kumsikia akitamka neno kuogopa likiwa halina mwanafunzi ndani yake. Moyo uliniuma, kusema kweli. Lakini jua lilikuwa linashuka na hatukuwa na wakati wa kuumwa moyo.

Tukapanga upya. Yeye alikaa kiti cha nyuma, mbali na pedali yoyote. Mimi nikakaa kiti cha mwalimu, nikavua viatu, nikakunja miguu juu ya kiti kama mtu anayemngoja panya atoke. Tukaizunguka mitaa. Makutano ya kwanza binti alichelewa. Ya pili aliwahi mno, tukasimama mbali na kibao kama vile kinatudai. Ya tatu alikanyaga kwa hasira, paji langu la uso likasalimiana na dashibodi. Na kila tulipokaribia kona, nilihisi goti la mume wangu likinikita mgongoni kupitia kiti. Mguu ule ulikuwa unatafuta breki hata kwenye mbavu zangu. Giza lilipoingia mwanangu alikuwa anasimama vizuri, mara nyingi si haba, na mimi sikuweza kunyooka.

Ijumaa asubuhi mtahini alilizunguka gari letu akiwa na uso wa mtu ambaye hajanywa chai. Akamwambia binti akanyage breki, akatafuta mtu wa kutazama nyuma, akanikuta nimeshasimama pale. Taa zikawaka zote mbili, safi, zikazima. Akasema ni nadra kuona gari la kufundishia lenye taa nzuri hivi. Mume wangu akainamisha kichwa kama bibi harusi.

Wakaondoka. Sisi tukabaki kwenye uzio pamoja na wazazi wengine. Kilima akapanda. Akaegesha kati ya nguzo, hakugusa hata moja. Kilichobaki kilikuwa yale makutano na kile kibao, na baada ya hapo ni kurudi tu. Gari likageuka, likatupa mgongo, likaanza kuteremka kuelekea kibao.

Mume wangu hakuweza. Akageuza uso, akaushika uzio kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Zimewaka?" akaniuliza.

"Bado."

Gari linakwenda. Mtahini ametulia kwenye kiti chake kama gunia.

"Zimewaka?"

Kibao kilikuwa karibu, na kulia kulikuwa na gari linakuja. Nilikuwa namwita mwanangu kwa jina moyoni. Mume wangu akauliza tena, na safari hii sauti ilikuwa ya mtoto.

"Zimewaka," nikasema.

Akavuta pumzi. Gari letu lilikuwa limesimama mbele ya kibao, limetulia, lile la kulia likapita zake.

"Zote mbili?"

"Zote," nikamwambia, huku nikiutoa mguu wangu kwenye shimo nililokuwa nimelichimba mchangani.