Meno Yaliyolika Upande Mmoja

Siku ya ishirini na nne mdogo wake fundi alichoka kusubiri. Akafungua mashine ya kutotolea vifaranga, akavunja yai moja, akavunja la pili, kisha akakaa chini sakafuni. Vifaranga walikuwa wamegandamana na maganda, wamekufa zamani. Mayai mia mbili, na hakuna hata mlio mmoja. Kwa ajili ya mashine hiyo alishaacha kazi yake ya kufua mashuka, na aliyemshawishi aache ni huyo huyo kaka yake.

Fundi alikuja mbio na bisibisi. Mtaa mzima ulimwita Sikio, maana gia alizifunga kwa kusikiliza. Wenzake walipima, yeye aliinamisha kichwa, akazungusha shafti polepole, na gia ikilalamika alijua imekaa vibaya. Miaka thelathini alikuwa akiwacheka watu wa vipimo, na walistahili, kwa jinsi alivyoona yeye.

Akafungua kisanduku cha gia. Ile ya plastiki, inayogeuza trei za mayai, meno yake hayakushika tena kitu. Mota ilizunguka bure huku trei zimelala. Yai lisipogeuzwa kifaranga hushikana na ganda, na hilo wote wawili walilijua.

"Plastiki za siku hizi takataka tupu, kaka," mdogo wake akasema. "Usijilaumu."

Fundi angeweza kuitikia, yakaishia hapo. Lakini aliigeuza gia kwenye mwanga. Meno yalikuwa yamelika upande mmoja tu. Upande wa pili yalikuwa mapya kabisa. Plastiki haikuwa na kosa. Shafti mbili hazikulala sambamba, kwa hiyo mzigo wote uliangukia kwenye pembe za meno, zikapata joto, zikalainika, zikaisha. Na aliyezifunga ni yeye.

Akamwuliza kama mashine ilipiga kelele.

"Tangu siku ya kwanza. Ilikuwa kama inasaga mchanga. Nilikwambia, ukainamisha kichwa, ukasema imetulia. Siku ya sita ikanyamaza, nikashukuru, nikasema basi imezoea."

Fundi aliikumbuka siku aliyoitwa kuisikiliza. Alitega sikio, hakusikia kitu, akajiona bingwa. Sasa akakumbuka kwamba tangu mwaka jana kila gia aliyoifunga ilikuwa tulivu vile vile. Cherehani ya jirani. Kitanda cha mgonjwa wa kule kona, kile kinachoinuliwa kwa mota. Zote alizisifu.

Akatoa gia mpya mfukoni, akaifunga kwa ujuzi wake wote, akawasha. Kimya. Akamgeukia mdogo wake, akiwa bado na tumaini kidogo.

Mdogo wake alikuwa ameziba masikio.